Eliphas Kithinji na Lenzi ya Kukaribia Watu

Wazee wetu, akina mama, mchungaji, na nyinyi nyote mliopanda kilima hiki na matope haya, familia inawashukuru kwa kutulia mumsikilize Eliphas Kithinji kwa kinywa cha dada yake Kananu, ambaye sasa ndiye pekee aliyesalia wa boma hili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa Ruiri, kitindamimba wa marehemu Mzee Riungu na marehemu Mama Kathambi, akasoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia 1990 hadi 1997, kisha shule ya bweni upande wa Embu hadi 2001, akatoka huko na cheti cha wastani na kamera ya kuazima, ambayo, tuseme ukweli mbele ya kaburi, hakuirudisha.

Mwaka 2006 alifungua studio karibu na soko la Gakoromone, na tarehe 9 Juni 2015 akanunua lenzi ya milimita ishirini na nne, lenzi pana isiyovuta picha, ambayo ukitaka uso wa mtu uonekane vizuri ni lazima umwendee kwa miguu yako mwenyewe, ukaribie hadi usikie anavyopumua, na mwanga kidogo tu uliitosha, hata akina mama aliwapiga jikoni kwa mwanga wa moto bila flashi, na ukoo mzima ukaenea kwenye picha moja sebuleni bila mjukuu hata mmoja kuachwa nje. Ilikuwa na kasoro moja, aliyekaa pembeni kabisa alitoka uso umetanuka, na Kithinji kwa kulijua hilo aliwapanga watu kwa makini.

Kuhusu ndoa, wazee walishauri turuke, lakini dada yake amekataa. Tarehe 2 Desemba 2017 tulimpeleka Siakago kwa kina Cicily, mwalimu, binti aliyemfanya mtu mkimya kama yule aimbe akioga, posa ikapokelewa, tukala, tukacheka, na Kithinji kwa furaha akaisahau kazi yake, akapiga picha ya wakwe wote huku mama mkwe amebanwa pembeni, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la koo zote mbili kabla hajaiangalia. Mungu wangu! Mama wa watu alitoka kichwa kama boga, vijana wakacheka, na mjomba wetu akaandika maneno yasiyosomeka mbele ya mchungaji. Mama mkwe akaona amedharauliwa, lakini wakwe wakasema jambo si kubwa, Kithinji arudi na mtu wa kwao, aombe radhi, yaishe.

Mtu haendi kwa wakwe kuomba radhi peke yake, hilo mnalijua. Baba na mama walikuwa wamekwisha kututangulia, mjomba ndiye aliyekuwa ameharibu, kwa hiyo Januari iliyofuata alimwomba dada yake mara tatu waende wote, na dada yake, aliyekuwa akivuna maharagwe, akamwambia hao wa Siakago wanajifanya tu, picha ni picha, watapoa wenyewe, angoje. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Agosti 2018 Cicily aliolewa kwingine, na hana lawama yoyote.

Kithinji hakuchumbia tena, wala hakujaaliwa watoto. Kwa miaka saba, Jumamosi baada ya Jumamosi, alisimama hatua moja kutoka kwa maharusi wa watu, akawachekesha, kisha akarudi chumbani kwake, akapika githeri, mahindi na maharagwe, ya kula siku nne, akala peke yake.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2024, akalazwa Meru mara nne, na Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, akafariki akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomfulia na kumpelekea uji, na wapiga picha wenzake wa Meru na Embu waliofunga studio zao leo. Yamekuja mabasi mawili na magari madogo yasiyohesabika kumsindikiza, Mungu awabariki, ila Kithinji alihitaji mtu mmoja tu, kwa siku moja tu, na mtu huyo alikuwepo.

Pumzika kwa amani, mwana wa mama. Nisamehe.