Sahihi ya Mama Hapana

Ndugu waombolezaji, majirani, mawakili mliofanya kazi na marehemu, na ninyi wasanii mliojibanza huko nyuma wakati viti vya mbele viko wazi, familia imeniteua mimi, mdogo wake anayemfuata, nisome maisha ya dada yetu, na imenionya nisipige porojo, kwa hiyo nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, baba akiwa karani wa bohari na mama fundi cherehani, na wakubwa walitusimulia kwamba usiku huo alilia mpaka mkunga akatoka nje kupunga hewa, jambo ambalo waliokutana naye baadaye kwenye meza ya mikataba hawatalishangaa.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1971, na ni katika likizo za miaka hiyo ndipo sisi wadogo zake tulipoionja sheria kwa mara ya kwanza, kwani hakuna aliyeazima viatu vyake bila kukubali masharti, kwamba virudi kabla ya giza, vikiwa vimepigwa brashi, na aliyekanyaga tope asije akadai kwamba tope ndilo lililomfuata. Mwaka 1977 alijiunga na chuo kikuu kusomea sheria, akahitimu mwaka 1981, na baada ya mafunzo ya vitendo aliapishwa kuwa wakili tarehe 2 Mei 1983.

Alianza kazi mwaka huohuo katika ofisi ya mawakili iliyokuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya umeme, akashughulikia mikataba ya makampuni yaliyokuwa yakiungana, yakinunuana na kugombana, na humo hakuwa na mzaha, alisoma kila karatasi kuanzia ukurasa wa mwisho kwenda wa kwanza, akisema kwamba watu huficha ubaya mahali ambapo msomaji ameshachoka. Jina la Mama Hapana alipewa na mhudumu wa ofisi, kwa sababu mlango wake ulipofungwa, neno pekee lililopenya nje lilikuwa hilo.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, mwalimu wa hesabu, mtu mpole kupita kiasi, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikataliwa mara mbili, na mara ya tatu akaulizwa kama amefikiri vizuri anachokiomba. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mfamasia, na mwana ambaye ni fundi wa taa za jukwaani, kazi ambayo mama yake aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele yake.

Mapenzi yake kwa sanaa yalianza kwa hasira. Mwaka 1995 alijiwa ofisini na mzee mmoja mpiga saksafoni, ambaye nyimbo zake zote zilikuwa zimechukuliwa na kampuni ya kurekodi kwa karatasi ya ukurasa mmoja, karatasi ambayo aliletewa kitandani akiwa anatetemeka kwa homa, akaambiwa aweke sahihi tu hapo chini, naye akaweka. Dada aliisoma ile karatasi mbele na nyuma, akatafuta upenyo kwa wiki kadhaa, akaukosa, na siku alipomwambia yule mzee kwamba hana la kumfanyia, mzee alimshukuru, akasimama, akamwomba radhi kwa kumpotezea muda. Dada alijifungia chooni akalia, na aliporudi mezani uso ulikuwa mwingine.

Tangu hapo alianza kuwasomea wasanii mikataba yao bure, na tarehe 1 Oktoba 1997 alipanga ghala tupu la kampuni iliyokuwa mteja wake, kwa mkataba wa miaka ishirini na mitano, akaligeuza kuwa ukumbi, akalitia dari, jukwaa, viti na piano kwa pesa yake, akaanzisha mfuko wa kuliendesha, na kuanzia hapo waigizaji wakapata pa kufanyia mazoezi, wachoraji pa kutundika picha, na yule mzee wa saksafoni pa kufundishia mpaka alipofariki. Wengi wenu mlijifunzia kazi mle ndani, na wengine, tusifichane, mlipatia wachumba mle ndani.

Katiba ya ule mfuko aliiandika mwenyewe, na aliiandika akimfikiria yule mzee, maana aliogopa kwamba siku moja atatokea mtu mwenye suti na maneno matamu, atawazunguka wasanii, na ukumbi utaondoka kwa sahihi moja. Basi akaweka kwamba maadamu yu hai, hakuna mume, mtoto, wakili wala kamati atakayeweka sahihi kwa niaba yake katika jambo lolote la ukumbi, na kwamba alama yoyote itakayowekwa na mgonjwa wa kitandani isihesabiwe kuwa sahihi, na kwamba akishafariki, na hapo tu, kamati ya wasanii ichukue mamlaka yote. Mawakili wenzake waliisoma wakasema haina hata tundu la sindano. Alifurahi sana siku ile, alituandalia chakula.

Tarehe 11 Februari mwaka huu, akiwa anajiandaa kwenda kazini, alipatwa na kiharusi, akakimbizwa hospitali ya rufaa, akalazwa hadi mwezi Aprili, na alipotoka upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, akili ilikuwa yake ileile, lakini maneno yote yalikuwa yameondoka isipokuwa moja, neno sawa. Ukimuuliza kama ana njaa, sawa, kama ameshiba, sawa, akitaka kukutukana, na macho yake yalionyesha wazi kwamba anakutukana, sawa. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa humwachia mtu neno lolote, bila kuchagua, na sisi tuliomfahamu tulibaki tumeshika tama.

Mkataba wa ghala ulikuwa unaisha tarehe 30 Septemba. Kampuni haikuwa na ubaya, ilikuwa tayari kuuendeleza, ilichotaka ni sahihi ya mwenye mamlaka, na dada alijifunza kuchora jina lake kwa mkono wa kushoto, akakaa kitandani kando ya dirisha mwezi mzima na penseli, jasho likimtoka, mpaka likasomeka. Mwezi Julai alikuja mwanasheria wa kampuni, binti aliyefundishwa kazi na marehemu mwenyewe, akaitazama ile karatasi, akapiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Mama, nisamehe, siwezi kuipokea, wewe ndiye uliyenifundisha." Dada akampapasa kichwa, akasema sawa. Shemeji alikwenda mahakamani, na mwezi Agosti alikuja ofisa wa mahakama nyumbani, mtu wa adabu, akamuuliza mgonjwa kama anaridhia kifungu kile kiondolewe, akajibiwa sawa, akamuuliza kama anataka kibaki, akajibiwa sawa, akafunga kalamu yake, akasema, "Mama, ninaona kabisa unanielewa, lakini nitaandika nini?" Machozi yalimtoka dada, naye yule ofisa akageukia ukuta.

Ndugu zangu, familia ilikubaliana lifuatalo lisemwe, kwa sababu wasanii wana haki ya kulijua. Mwanzoni mwa Septemba dada aliacha kula. Alifunga mdomo, akageuza uso kijiko kilipokuja, akakataa dawa na maji, na sisi tukafikiri ni ugonjwa umezidi, tukamwita daktari, lakini shemeji alimfuata macho akaona anachokitazama, kalenda ya ukutani. Alikuwa anataka kuondoka kabla ya tarehe 30, ili kamati ipate mamlaka. Alikuwa ameutafuta upenyo kwenye kazi yake mwenyewe, akauona, na ulikuwa huo mmoja tu.

Shemeji alikaa pembeni yake na bakuli la uji, akambembeleza, akalia, akamwambia, "Mke wangu, ukumbi na upotee, mimi nakutaka wewe, kula." Alirudia hivyo asubuhi mpaka jioni, uji ukapoa, ukapashwa, ukapoa tena, na jioni ile dada alimtazama mumewe, akasema sawa, akafungua mdomo. Hatujui hadi leo kama alikubali, au alikuwa anamwambia hapana naye akashindwa nguvu.

Ukumbi ulirudishwa tarehe 30 Septemba, mwanawe akashusha taa, piano ikapelekwa nyumbani ikakosa pa kukaa, ikawekwa chini ya turubai uani. Marehemu alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Desemba, mkono wake ukiwa kwa mumewe, na mamlaka yote ya ukumbi, kama alivyoandika, yakaenda kwa kamati, ambayo haina tena ukumbi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mishipa ya fahamu, ambao mazoezi yao ya viungo yaliuzoesha mkono wake wa kushoto kuandika, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, mawakili wenzake waliohangaika bila kuchoka, yule mwanasheria binti, ambaye tunamwomba asiendelee kujilaumu, na ninyi wasanii, mliokuja kumpigia muziki chini ya dirisha. Shemeji ameniomba niseme kwamba kama kuna anayemlaumu kwa ule uji, amlaumu, lakini angempa tena.

Dada, pumzika. Umetuachia miezi miwili na siku tatu baada ya ukumbi kurudishwa, ambazo hukutaka kuishi, uliziishi kwa ajili yetu, na hatukuwa na la kukupa isipokuwa uji.