Lenah Rwamba na Nyuzi Zinazoshika Jino

Tarehe 30 Juni 2024, Bi. Lenah Rwamba anastaafu baada ya kutibu meno kwa miaka thelathini na miwili, michache ya kwanza Embu na mingine yote katika kliniki yetu hapa Meru. Ni mzaliwa wa Ishiara. Akikasirika huhamia Kimbeere, lugha ya kwao, nasi husoma maana usoni mwake.

Wagonjwa wanamjua kwa kukataa kung'oa. Ukimletea jino linalocheza, atakusafisha fizi kwanza na kukuambia urudi. Wengi walionung'unika bado wanatafuna muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa meno yao wenyewe.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka 1999. Ambaro, binti wa Hersi mwenye bucha Majengo, alikuwa aolewe wiki hiyo. Akishusha masufuria ya karamu kutoka kwenye lori, moja likamponyoka na kumpiga mdomoni. Jino la mbele likatoka zima, pamoja na mzizi. Hersi alilifunga kwenye leso, akamleta binti yake mbio. Walipofika, Hersi aliona utando mwembamba kwenye mzizi, akatoa kisu aukwangue.

"Wacha hivyo, mzee," Lenah akamwambia. "Huo si uchafu. Ni nyuzi zinazoshika jino kwenye mfupa. Ukizikwangua, halitashika tena."

"Na ukilirudisha litashika?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini tujaribu sasa hivi, kabla halijakauka."

Alilisuuza kwa maziwa ya chai yetu ya saa nne, akalirudisha taratibu, akalifunga kwa waya kwenye meno ya jirani. Ambaro akauliza kama harusi iahirishwe.

"Olewa tu," Lenah akasema. "Nyama ndiyo utawaachia wageni."

Binti wa mwenye bucha akaolewa akinywa uji. Nyuzi zikashika.

Lenah hakufaulu kila mara. Mwalimu Nyamu wa Kiirua alileta jino lake lililokaa mfukoni kutwa nzima. Lenah alilirudisha, lakini nyuzi zilikuwa zimeshakufa, na baada ya miezi jino likatoka. Lenah alimfuata hadi nyumbani kumpa pole, bila kumlaumu. Tangu hapo akawa anazunguka shuleni, akiwafundisha walimu kulitia jino kwenye maziwa na kukimbilia hospitali.

Sasa anarudi Ishiara kwa mumewe, Riungu, na shamba lao la ndengu. Wagonjwa wameanza kutuuliza njia ya kufika huko. Tunawaambia wamwache apumzike, ingawa tunajua hatamfukuza mtu.

Asante, Lenah. Nenda salama, ule ndengu zako kwa amani.