Nani Atamsindikiza Mama Ester

Pale Karatu, mahali ambapo magari ya watalii hupunguza mwendo kabla ya kushika barabara ya kupanda Ngorongoro, palikuwa na benchi lililotengenezwa kwa springi za lori lililokufa. Fundi alizilaza springi hizo juu ya mawe, akafunga ubao juu yake, na tangu hapo mtu akikaa kwa kishindo, wenzake wote hunyanyuka kidogo. Kila alasiri Bibiana aliweka jiko lake la mkaa mbele ya benchi hilo, akauza kahawa chungu aliyoitwanga mwenyewe, pamoja na kashata ambazo mwaka ule, kwa sababu sukari ilipatikana kwa foleni, zilikuwa zimepungua hadi kutoshana na ukucha wa kidole gumba. Wateja hawakulalamika. Kahawa ilikuwa ya kulainisha koo tu. Walichokifuata ni maneno.

Siku hiyo Felisiani aliegesha gari aina ya Landrova upande wa pili wa barabara, akavuka, akakaa taratibu kuliko kawaida yake. Alikuwa ametoka kupeleka mboga kwenye mahoteli ya ukingoni mwa kreta, na kwa sababu ya kazi hiyo kijiwe kizima kilimwita Karoti. Alikuwa mtu wa Singida. Alikuja Oldeani zamani kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, akaishia kuwa dereva na mpishi wa Mama Ester, mama wa Kizungu aliyekuwa na shamba dogo la mboga. Bibiana alimpa kikombe, naye akakishika bila kunywa.

— Karoti, kahawa inapoa. Umegonga mtu?

— Sijagonga mtu. Nimeambiwa niende Ujerumani.

Wenzake walicheka mpaka benchi likaanza kuchezacheza. Alikuwapo Sebastiani, balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule, ambaye watu walimwita Balozi hata msibani. Alikuwapo Xavery, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuachana na redio yake ya mkulima, na habari alizozikosa hewani alizitunga. Na alikuwapo Metui, mfugaji wa Kimasai kutoka Soitsambu, kule Loliondo, aliyekuja kuuza mbuzi, ambaye alikataa katakata kupewa jina la kijiweni kwa maelezo kwamba majina aliyopewa na rika lake yanamtosha.

Kicheko kilipotulia, Felisiani aliwaeleza. Mama Ester ni Myahudi. Alizaliwa kwenye mji mmoja mdogo wa Ujerumani, na wakati wa Hitler baba yake alikimbia naye akamleta huku, akiwa bado msichana. Sasa ule mji umewaalika watu wake wa zamani, wale waliokimbia, waende wakatembee kwa wiki moja. Kila mwalikwa anaruhusiwa kufuatana na mtu mmoja, na nauli ni juu ya mji. Mama Ester hana mume wala mtoto. Asubuhi ile, wakati Felisiani akifunga kamba za makreti, alimsogelea akamwambia kwamba anataka kwenda kupaona, lakini peke yake hathubutu. Felisiani akikubali, watakwenda. Akikataa, atawajibu watu wa mji ule ahsanteni, na wao wawili wataendelea na karoti zao. Alimwomba asimjibu palepale kwa kumwonea haya. Ajibu jioni, akirudi.

— Kwa hiyo jioni ndiyo hii, alisema Balozi.

— Ndiyo hii.

Redio aliuliza kama ni Wayahudi walewale wa kwenye Biblia, maana yeye tangu mafundisho ya kipaimara hakuwa amesikia habari zao tena.

— Wale wa Biblia siwajui, alisema Felisiani. Huyu ni wa Oldeani.

Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kijiweni. Shangazi yake Mama Ester, watoto wa shangazi huyo, na majirani waliosali nao, wote walibaki kule. Walipakiwa kwenye treni, na hakuna aliyerudi. Mama Ester alimsimulia mara moja tu, jikoni, wakiwa wanamenya viazi, na alipomaliza alimwomba chumvi kana kwamba walikuwa wakizungumzia mvua. Felisiani alikuwa dereva asiyeogopa. Alijua kumvusha mama huyo kwenye mto wa Mang'ola wakati maji yamejaa, na alijua namna ya kutulia nyati akisimama barabarani. Lakini kule hakujua hata hatari inafanana na nini, na mtu asiyeijua hatari atamlindaje mwenzake? Hilo ndilo lililopoza kahawa yake.

 Kwa kuwa rafiki yao alikuwa na shida, kila mmoja akaanza kumsaidia.

Balozi alianza na chakula, akauliza mama huyo anakula nini. Felisiani alisema nguruwe hali kabisa, na nyama asiyojua imechinjwaje haigusi, kwa hiyo miaka yote hii wamekula mayai, samaki na maharage. Na hata siku ile ya nadra anapokula nyama, haichanganyi na maziwa. Sufuria za nyama zina kabati lake, na za maziwa zina lake.

Metui, aliyekuwa akichokonoa ardhi kwa fimbo, aliinua kichwa.

— Hachanganyi nyama na maziwa?

— Hachanganyi.

— Kabisa?

— Kabisa, Metui. Nilichanganya mara moja, mwaka wa kwanza. Tulizika sufuria.

— Basi huyo mama kwao ni Loliondo, alisema Metui. Hata sisi siku ya nyama si siku ya maziwa. Mbona hamkuniambia siku zote hizi? Ningemletea mbuzi.

Kuanzia hapo Metui alilichukua jambo hilo kama la ukoo. Alitaka kujua rika la baba yake Mama Ester, na Felisiani alipomwambia kwamba baba huyo alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa, alisema hilo litatafutiwa rika lake.

Balozi alishauri wabebe chakula chao, angalau gunia moja la maharage. Redio akamwonya kwamba mtu akikutwa uwanja wa ndege na gunia la maharage siku hizi ataitwa mhujumu uchumi, na safari yake itaishia mahabusu Moshi. Walibishana wakashuka kutoka gunia hadi debe, kutoka debe hadi mayai ya kuchemsha. Felisiani akakumbusha kwamba Jumamosi ni siku ya Mama Ester ya kupumzika, na tangu Ijumaa jua linapozama hapandi gari. Redio alitaka kujua ndege ikiwa angani jua likazama itakuwaje. Hakuna aliyejua, ila Metui alikuwa na uhakika kwamba rubani akielezwa mapema kwa adabu atatua.

Ndipo Redio akaleta habari nzito. Alikuwa amesikia, na safari hii aliapa kwamba alisikia kweli, kwamba kule nyumba za ibada za Wayahudi zina polisi mlangoni wenye bunduki, mchana na usiku. Na wapo vijana wanaokwenda makaburini kwao kuandika matusi kwenye mawe.

— Polisi mlangoni ni jambo jema, alisema Balozi. Serikali inawalinda.

— Mbona kanisani kwetu hakuna polisi?

— Kwa sababu hakuna wa kutudhuru.

— Ndiyo nakwambia. Wakiweka polisi, maana yake yupo.

— Wakiwaondoa polisi, huyo aliyepo atakuwa ameondoka?

Redio akanywa kahawa. Felisiani aliwatazama wote wawili kwa zamu kama mtu anayesubiri kuvuka barabara. Aliuliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo. Mama Ester ana mkufu wenye nyota ya Kiyahudi, wa mama yake, ambao hauvui. Je, auvae nje ya nguo au auingize ndani?

Hapo ndipo busara ilipoanza kuondoka kijiweni. Balozi alisema auingize ndani, ajifunge kitenge hadi shingoni, mtu akimwuliza aseme ametoka Tanzania, jambo ambalo ni kweli. Redio alisema kitenge hakitoshi, afungwe bandeji ya bandia ili watu wamwonee huruma. Metui aliwaacha wamalize, kisha akasema kwa utulivu kwamba dawa ni moja. Mama anyolewe, avishwe shanga na lubega nyekundu, ashike fimbo. Hakuna mtu duniani ambaye atamwona mwanamke wa namna hiyo akasema huyu ni Myahudi.

— Mama mwenye macho ya bluu, alisema Felisiani.

— Watasema ameugua macho.

Bibiana, aliyekuwa akipuliza mkaa, alisema wote wanapoteza muda. Yeye aliona watalii wakipita hapo kila siku na alijua wanavyotazama.

— Mtu mweusi mrefu kama Karoti akiteremka kwenye kile kimji chao na kizibao chake cha jeshini, nani atakuwa na nafasi ya kumtazama bibi mdogo mwenye mkufu? Mji mzima utamtazama yeye. Mama Ester anaweza hata kuendesha tembo, hawatamwona.

Walicheka kwa muda mrefu, na Felisiani alicheka nao. Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa aliona Bibiana amesema kweli. Alikuwa akiwaza namna ya kumlinda mama, kumbe huko huenda mama ndiye atakayelazimika kumlinda yeye. Kwa namna asiyoielewa wazo hilo lilimpunguzia uzito. Watakuwa wageni wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Lakini Balozi hakuwa amemaliza. Kazi yake ilikuwa ni wageni. Mtaani kwake mgeni halali usiku mmoja bila yeye kujua jina lake, atokako na mwenyeji wake. Alisema shida yote ya Felisiani itakwisha akifanya jambo moja. Wakifika tu, kabla hata ya kuvua viatu, wamtafute balozi wa mtaa ule wajiandikishe.

— Huko hakuna nyumba kumi, alisema Redio.

— Nyumba zipo hazipo?

— Zipo, nyingi.

— Zinapita kumi?

— Zinapita.

— Basi balozi yupo. Nyumba haziwezi kukaa ovyo tu.

Balozi akaendelea. Wakishaingia kwa huyo balozi, wamsalimu, waeleze. Ila hapo akasita, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu kwa kazi yake. Huyo balozi atamwandika Mama Ester kama nani? Akimwandika mgeni, mtu aliyezaliwa palepale anakuwaje mgeni? Akimwandika mwenyeji, mwenyeji gani anapewa mwaliko wa kuja kwao kwa wiki moja?

Jambo hilo liliwagawa. Redio alisema ni mgeni, kwa kuwa amelipiwa nauli. Metui alisema ni mwenyeji, kwa kuwa mahali kitovu cha mtu kilipozikwa hapahami hata ng'ombe wahamishwe. Balozi alikuwa anaelekea kupendekeza aandikwe mara mbili.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke ambaye hawakumjua. Aliitwa Lukresia, mchuuzi wa vitunguu kutoka Mang'ola. Lori alilopanda lilikuwa limetoboka tairi karibu na hapo, akaja kunywa kahawa wakati wanaziba. Alikuwa amesikiliza yote tangu habari ya mwaliko. Aliomba samahani kwa kuingilia, kwa kuwa yeye si wa kijiwe hicho, akamgeukia Felisiani.

— Kaka, huyo mama mlikuwa mnasema walikimbia wakaacha nyumba?

— Ndiyo. Waliiacha na kila kitu ndani.

— Sasa akienda akabisha hodi kwao, nani atafungua mlango?

 Redio alitazama redio yake. Metui aliweka fimbo magotini. Barabarani gari la watalii lilipita likipanda, mikono ikawapungia kupitia madirisha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepunga mkono kurudisha salamu. Utingo wa lori alimwita Lukresia, naye akalipa, akashukuru, akaenda zake na vitunguu vyake, pasipo kujua amewaachia nini.

Bibiana aliinamisha birika. Yalitoka machicha tu.

Felisiani alikaa akimwona Mama Ester katika mawazo. Alimwona amesimama mbele ya mlango, mkono umeinuliwa, haujagonga. Hakuweza kumwona atakayefungua. Huenda ni mtu mwema, huenda ni mtu aliyelala miaka yote hiyo kwenye kitanda cha baba yake Mama Ester. Wala haikuwa kazi yake kulijua hilo. Alichokiona wazi ni nafasi iliyokuwa kando ya mama huyo, pale mlangoni, nafasi ya mtu mmoja, na haikuwa na mtu. Alikunywa kahawa yake ya baridi yote kwa mkupuo, akasimama, na benchi likawanyanyua wenzake.

— Utamwambiaje? aliuliza Balozi.

— Nikifika nitajua.

Oldeani ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Mama Ester alikuwa kibarazani, amejifunga aproni yenye udongo, akichambua miche ya kabichi. Alimtazama Felisiani akifunga geti, akimwaga maji kwenye rejeta, akifanya kila kazi ambayo ingeweza kusubiri.  Mwishowe Felisiani alipanda kibarazani, akavua kofia.

— Mama, ile nyumba yenu. Mlango wake ulikuwa rangi gani?

Mama Ester aliweka mche chini. Ilikuwa kama hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote.

— Kijani, alisema. Kijani kibichi. Baba aliupaka mwenyewe. Lakini watakuwa wamebadilisha.

— Tutawauliza majirani. Kubisha hodi nitabisha mimi, alisema Felisiani. Nimezoea milango. Kila siku nagonga ile ya jikoni kule mahotelini.

Mama Ester alijifuta mikono kwa aproni, polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Halafu akacheka, kicheko cha msichana mdogo, mpaka mbwa akaamka.

— Hapana, Felisiani, alisema. Kwetu tutaingilia mlango wa mbele.