Herufi Iliyoshushwa

Sogeeni karibu jamani, na mlio nyuma tulieni kidogo, anayewasomea ni mjukuu wangu mkubwa, lakini maneno ni yangu mimi, mama wa marehemu.

Marehemu, binti yangu kitindamimba, alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, katika zahanati iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, akalia mpaka mkunga akasema huyu atakuwa mbishi, na kweli, alipoanza shule Januari 1981 walimu walimchoka kwa neno lake moja, umejuaje, akasoma hivyohivyo mpaka akahitimu udaktari mwaka 2000, akafunga ndoa na fundi umeme tarehe 3 Agosti 2002, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi yake alinieleza hivi, kwamba ushauri wa kutibu kisukari huandikwa kitabuni, na yeye na wenzake huupa kila ushauri herufi, A ukiwa umepimwa vizuri kwa watu wengi, kushuka mpaka D ukiwa ni mawazo tu ya wakubwa waliokaa mezani. Mwaka 2014 nilianguka jikoni, dawa zangu za kisukari zilikuwa zimeshusha sukari kupita kiasi, maana kitabu kilisema wazee washushwe sukari sawa na vijana, na ushauri huo ulikuwa na A. Nikamwambia basi nenda ukawasimulie yaliyonipata, waufute. Akasema, "Mama, kuanguka kwako si ushahidi, ni sababu ya kwenda kuangalia."

Akaangalia miezi minne, akakuta katika tafiti zote zilizoupa ushauri ule A hakuna mgonjwa aliyepita miaka sitini na mitano, na aliyeweka A ile ni mwalimu wake mwenyewe, aliyemshika mkono kazini. Mzee huyo yupo hapa, ameniruhusu niseme, alimuuliza mbele ya kikao, "Unanivua nguo, mwanangu?" naye akajibu, "Nisamehe, mwalimu, lakini wazee hawamo humu hata mmoja." Herufi ikashuka mpaka D, ushauri ukaandikwa upya, wazee wenzangu wakaepukana na kuanguka, ila wawili hao hawakusalimiana mwaka mzima, na mwanangu alikonda.

Februari 2023 alipatikana na saratani ya kongosho, akauliza dawa aliyopewa ina herufi gani, daktari akakiri ni ya chini, mwanangu akamshukuru kwa kutomficha, akaitumia, akatutoka tarehe 21 Oktoba, saa nne asubuhi, mumewe kamshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa kazini. Umefanya kazi mwanangu, sasa pumzika kwa amani.

Mabinti wamegawana vitabu na cherehani, mume amebaki na miwani, na faili la tafiti ambazo hakumaliza kuzipima aliandika apewe mwalimu wake, naye ameshaanza kulisoma.