Gia ya Pili ya Massamba

Benchi la Gora muuza kahawa liko kwenye kona karibu na reli ya zamani, mjini Thiès, mahali ambapo kila gari linalotoka mtaani hupunguza mwendo, likakata kushoto, kisha likabadilisha gia mbele ya wanywa kahawa. Kwa hiyo hakuna dereva wa mtaa ule ambaye benchi halijamhukumu. Asubuhi hiyo ya Jumatano Birane alikuwa amekaa pembeni kabisa, kikombe mkononi, macho kwenye Pijo la abiria saba lililoegeshwa ng'ambo. Lilikuwa gari la kaka yake, Massamba, aliyezikwa katika mji mtakatifu wa Touba mwezi uliopita, Mungu amrehemu. Siku mbili nyuma mama yao alikuwa amepanda kiti cha mbele, Birane akiendesha, na walipofika konani gia ya pili ikasaga kwa kelele za kutisha. Mama akafungua mlango akashuka. Hakugomba. Alisema tu kwamba gari la mwanawe halijawahi kulia hivyo, akarudi nyumbani kwa miguu. Ijumaa alitaka kwenda Touba. Wanawake hawakwenda mazikoni, na kaburi la mwanawe alikuwa bado hajalitia machoni. Gari jingine alishasema hapandi.

— Mimi nilidhani ni klachi, — alisema fundi Diop, ambaye wote humwita Daktari kwa sababu hutega sikio kwenye boneti kabla ya kuifungua.

— Na jana ukaukaza waya wa klachi, — alisema Birane. — Leo gia imelia vile vile.

— Basi tumejua kwamba klachi haina kosa. Hiyo nayo ni kazi.

— Kazi ya kina Diop hiyo, — alisema mzee Ndiaye, kwani kina Ndiaye na kina Diop ni watani wa jadi. Huyu huitwa Stesheni, alitumikia karakana ya treni mpaka treni zenyewe zikaisha. — Mkishashiba wali, hata kukosea mnakuita kazi.

— Mzee, sahani yangu ya Jumapili uliimaliza wewe. Tuyaache ya wali.

— Nimeyaacha. Ni oili hiyo.

— Oili nimebadilisha, — alisema Birane.

— Uliionja?

— Sikuionja.

— Basi hujui ulichoweka. Sisi karakanani tulikuwa tunaonja kwa ulimi.

— Ndiyo maana treni zimekufa, — alisema Redio, mtu anayesikia habari kabla hazijatokea. — Jamani, mnazunguka bure. Kuna jini pale kwenye mabehewa mabovu. Gari likifiwa na mwenyewe, jini linapanda. Linakaa kwenye giabox kwa sababu mle kuna joto.

— Jini gani linakaa gia ya pili tu? Ya kwanza inaingia, ya tatu inaingia, — alisema Daktari.

— Liko peke yake. Chumba kimoja kinalitosha.

Gora alikuwa akimimina kahawa kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, mkono mmoja juu, mmoja chini, mpaka povu likapanda.

— Mnalionea, — alisema. — Gari limefiwa. Liko eda. Liacheni limalize.

— Likimaliza litaolewa na nani? — aliuliza Redio.

— Na Birane. Si ndiye mdogo wa marehemu?

Wakacheka, kisha wakakumbuka nani amekaa pembeni, wakainamia vikombe vyao. Birane alitabasamu ili wasione aibu. Massamba angecheka kuliko wote.

Daktari akasema taratibu:

— Mdogo wangu, nikwambie bila utani. Mle ndani kuna pete za shaba. Kazi yake ni kuishika gia ipunguze mwendo kabla haijaingia. Ya gia ya pili imelika. Lazima nishushe giabox, na pete ianze kutafutwa Dakar. Kwa Ijumaa haiwezekani.

— Na nikienda nalo hivi hivi?

— Ukilazimisha hivyo njia nzima, utafika Touba na meno ya gia yakielea kwenye oili.

Birane akatikisa kichwa. Alikuwa tayari anatafuta maneno ya kumwambia mama.

Kwenye meza ya fundi cherehani jirani alisimama mwanamke mgeni, akisubiri gauni lake lipigwe pasi. Sasa akasogea kununua kahawa.

— Samahani, wazee wangu. Hiyo pete imelika mwezi huu?

— Hapana, mama, — alisema Daktari. — Kulika kwake ni miaka.

— Na gari halikuwa likilia kwa mwenyewe?

— Hata siku moja, — alisema Stesheni. — Tungesikia hapa.

— Sasa yeye alikuwa anaiingizaje?

Gora akaacha kumimina. Wote walikuwa wamepanda gari lile. Walijua honi ya Massamba, walijua kofia yake, walijua kwamba akipita hapa hutoa mkono nje na kuwasalimu mmoja mmoja kwa jina la ukoo wake. Mkono wa Massamba juu ya gia hakuna aliyewahi kuutazama.

Birane alirudisha kikombe hakijaisha, akaenda nyumbani. Mama alikuwa juu ya msala, tasbihi mkononi. Alimsubiri amalize.

— Mama, kaka alipokuwa anaondoa gari, alikuwa anafanyaje?

— Mambo ya miguu na mikono mimi siyajui, mwanangu.

— Ulikuwa unakaa naye mbele.

Mama akafikiri.

— Nilikuwa namsikia tu. Likishaondoka, kuna mahali linanyamaza kidogo. Hapo yeye husema "Alhamdulillah", pole pole, mpaka mwisho. Ndipo linaendelea. Nilidhani anashukuru kwamba limewaka.

Ijumaa, baada ya swala ya alfajiri, mama alikaa mbele, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango. Benchi lilikuwa limejaa mapema kuliko kawaida, na hakuna aliyepunga mkono. Konani Birane alikanyaga klachi, akaitoa gia ya kwanza, akaiacha katikati, kwenye frii. Akasema neno lile pole pole, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akausukuma mkono wa gia. Gia ya pili ikaingia kimya.

— Alikuwa anaisubiri ipunguze mwendo, — Daktari aliwaambia wenzake, sauti ikafika dirishani.

Mama akaachia kitasa.

Mbele barabara ilinyooka. Gia ya tatu haikuwa na kasoro, ingeingia bila kusubiriwa. Birane akaituliza katikati hata hivyo, na safari hii aliyelisema neno lile ni mama.