Nyufa Kumi za Rubani

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya kuchomelea. Kinyozi ni mimi, na Jumamosi ile asubuhi sikuwa na kichwa cha kunyoa, kwa hiyo niliyaona yote tangu mwanzo. Wanaokaa hapa ni Mzee Spana, aliyetengeneza malori mpaka mgongo ukamgomea. Cheche, mwenye karakana. Na Mama Kahawa, ambaye birika lake ndilo linalotukusanya. Halafu kuna Rubani. Rubani hajawahi kurusha hata tiara. Anasomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo na ndege, mwaka wa tano sasa, na jina tulimpa kwa uvivu wa kutamka yote hayo. Wiki mbili nyuma alimletea Cheche vipande kumi vya alumini, kila kimoja cha ukubwa wa kiganja, amtengenezee sanduku la kuvibebea visikwaruzane. Jumatatu alitakiwa kuwa navyo chuoni kwa jaribio la mwisho. Sasa alikuwa amelifungua sanduku, na amekaa chini kwenye vumbi ilhali benchi lipo.

RUBANI: Nyufa zangu ziko wapi?

CHECHE: Nimezimaliza zote, kaka! Tafuta hata kwa miwani, huoni hata moja.

RUBANI: Cheche.

CHECHE: Nilipofungua kile kitambaa ulichovifungia nikasema, maskini, ndugu yangu kauziwa vitu vibovu. Kila kipande kina ufa katikati! Nikaazima mashine ya gesi kwa jamaa wa mtaa wa pili, maana alumini haitaki papara. Jumapili nzima niko nayo. Nikapiga tupa, nikapiga msasa. Na sitaki hata asante.

MAMA KAHAWA: Huyu mtu ana moyo, jamani.

RUBANI: Hizo nyufa ndizo kazi yangu.

Mama Kahawa aliacha kumimina, kikombe kikiwa nusu.

MZEE SPANA: Yaani miaka yote hii unasomea kupasua vitu?

RUBANI: Bawa la ndege halivunjiki hivi hivi, mzee. Unaanza ufa mwembamba kama unywele, unakua kidogo kila ndege inaporuka. Mimi natafuta ufa wa urefu gani bawa linaweza kuubeba kabla halijakatika, ili watu waishushe ndege mapema. Kila kipande hapo kilikuwa na ufa wa urefu wake. Nimezikuza mwenyewe. Mashine inavuta, inaachia, inavuta, inaachia, maelfu kwa maelfu. Miezi saba nimekaa pembeni yake nachungulia kwa hadubini.

CHECHE: Uliziweka makusudi?

RUBANI: Makusudi.

CHECHE: Si ungesema!

RUBANI: Nilikwambia usiviguse.

CHECHE: Nilidhani unaona aibu vimepasuka.

Tungeweza kucheka hapo. Siku nyingine tungecheka mpaka wateja wangu wakatwe masikio. Lakini Rubani alikuwa anavipanga vile vipande mapajani, kimoja kimoja, na vilikuwa vinang'aa. Cheche ni fundi kweli, hilo nalisema ingawa siku ile nilitamani angekuwa fundi mbovu.

MZEE SPANA: Tulieni, hili dogo. Unataka msumeno wa chuma na mkono usiotetemeka. Tunakata upya palepale.

RUBANI: Msumeno unachimba mfereji, mzee, hautoi ufa. Halafu moto umeshailegeza alumini yenyewe kwa ndani. Haifai tena.

MZEE SPANA: Basi kata vipande vipya, rudi kwenye mashine yako.

RUBANI: Ile ya kukuza ufa ilikufa mwezi uliopita. Kipuri kinakuja baada ya miezi minne. Iliyobaki ni ya kuvuta mpaka kikatike tu.

MAMA KAHAWA: Waombe wakungoje.

RUBANI: Wameningoja mara tatu, mama. Barua ya mwisho inasema Ijumaa nikabidhi kitabu cha utafiti, la sivyo jina linafutwa. Hakuna mara ya nne.

CHECHE: Lori! Vifunge kwenye springi za lori. Barabara yetu hii, siku mbili tu, nyufa utazikataa mwenyewe.

MZEE SPANA: Hapo umesema. Namjua dereva wa kokoto, breki hana, mashimo hakwepi.

RUBANI: Nitaandika nini kitabuni? Kwamba kifaa cha utafiti ni lori la kokoto?

MAMA KAHAWA: Andika vimepona vyenyewe. Umegundua chuma kinachopona! Watakuja na kamera, wewe ukae kimya tu.

CHECHE: Au niende mimi nikajieleze. Nitavaa hata ile miwani ya kuchomelea, waone sikusingiziwa. Nimwambie profesa anifute mimi.

RUBANI: Akufute wapi, Cheche?

MZEE SPANA: Sikilizeni. Tutafute ndege nzee. Hakuna uwanja usio na moja imelala majanini, ndege wanaatamia ndani. Tunakata bawa. Humo nyufa zimejaa, za kweli, za kurukia, si hizi za kufugwa!

Rubani aliinua kichwa, na macho yake yakapata uhai. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba kati ya upuuzi wote ule kulikuwa na kitu alichoweza kukiamini kwa dakika nzima. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Halafu ikaacha.

RUBANI: Kibali cha kuigusa tu ni miezi, mzee. Ijumaa ni Ijumaa.

MZEE SPANA: Basi andika tu ulichonacho.

RUBANI: Sina kitu. Nina sahani kumi nzuri.

Mama Kahawa alimwekea kikombe pembeni. Hakukigusa.

RUBANI: Shemeji yenu yuko kwao na mtoto tangu mwaka juzi. Jana kanipigia, kashaanza kufunga mizigo ya kurudi. Nilimwambia wiki hii namaliza. Nimwambie nini? Kwamba rafiki yangu alinihurumia?

 Cheche aliificha mikono yake chini ya mapaja. Nami nilimkasirikia, halafu nikashindwa kumkasirikia, maana kama vile vipande ningeletewa mimi na ningejua kuchomelea, ningefanya vilevile. Miaka mitano tumekunywa kahawa na kijana huyu. Tumemtania, tumemtuma dukani, tumempa jina. Hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya nini huko chuoni.

Ndipo akaja mama mmoja tusiyemjua, kabeba kiti cha chuma kilichokatika mguu. Akakitua mbele ya karakana, akajifuta jasho, akatutazama mmoja mmoja.

MAMA MGENI: Samahani jamani. Fundi ni nani hapa?

Siku zote Cheche angekuwa amesimama kabla hajaulizwa. Sasa alitazama ardhi. Mzee Spana naye akawa anatafuta kitu mfukoni, na Rubani alikuwa palepale chini, kidole gumba kikipita katikati ya kipande, kikienda na kurudi. Yule mama alingoja. Halafu akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hatukumsikia.