Mhandisi Moffat Gatimu na Ukuta wa Chumvi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi Murugi, mama wa marehemu, ndiye nitakayesoma wasifu wake, kwa sababu shemeji yangu Simeon alitaka turuke habari za kifo, na mimi sitaziruka.

Moffat Gatimu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1946 hapa Giakanja, mtoto wetu wa kwanza mimi na Wamae, akapewa jina la babu yake mzaa baba. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaingia sekondari mjini Nyeri mwaka 1962, kisha Chuo Kikuu, Nairobi, akahitimu uhandisi mwaka 1971. Aliajiriwa kwenye mifereji ya mpunga ya Mwea, na tarehe 9 Desemba 1972 akamwoa Kabura kule Wang'uru, wakapata watoto wawili, Wamae mdogo na Murugi mdogo, ambaye bado anauliza baba atakuja lini.

Mwaka 1975 alichukuliwa na kampuni inayochimba potashi, chumvi ya kutengenezea mbolea, huko kaskazini, akakabidhiwa bwawa la taka, ambalo ukuta wake ulijengwa kwa chumvi iliyobaki kiwandani. Ukuta wa namna hiyo hustahimili maji yaliyokolea chumvi, lakini maji ya mvua huuyeyusha, ndiyo maana Gatimu alichimba mtaro upande wa juu, mafuriko yasiingie bwawani. Meneja aliamuru mtaro ufukiwe ili malori yapite njia ya mkato, Gatimu akakataa mbele ya watu, meneja akacheka, akasema ati watu wa mlimani wakiona wingu wanakimbilia jikoni, na mtaro ukafukiwa.

Mahali hapa husomwa ugonjwa, lakini mwanangu hakuugua. Tarehe 18 Aprili 1978 mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia bwawani, yakala ukuta, naye akateremka kuwaondoa mafundi wa pampu, wakapanda wote wakiwa hai, yeye akiwa nyuma yao, ukuta ukamwangukia. Sasa kampuni inasema hakuukagua. Wanaosema hivyo ndio waliofukia mtaro, na mjumbe wao ameketi pale mbele na shada la maua, arudi nalo.

Tunawashukuru madaktari, ambao hawakuwa na la kutibu lakini walimsafisha chumvi machoni kabla hatujamwona, majirani waliopika na kuchimba kaburi, na wenzake Ngatia na Mutahi, waliosimama hapa wakasema walichoona, ingawa walionywa kwamba wakifungua mdomo watafute kazi kwingine.

Gatimu, kazi yako uliifanya, pumzika wewe kwa amani, sisi hatutapumzika mpaka meneja huyo asimame mbele ya hakimu.